Stara na Chungu cha Choya

Watu wa Dodoma wakitaka kujua harusi ya kweli ilikuwaje siku za Mjerumani, wananijia mimi Shaibu. Wanafanya vizuri. Nilikuwapo, nilivaa kanzu, na bila mimi harusi yenyewe ingeishia jikoni. Hilo tutalifikia, sina haraka ya kujisifu, sifa zangu zinajulikana tangu Tabora. Ninayetaka kumsema hapa ni shemeji yangu Stara, mke wa marehemu kaka yangu Halfani. Yeye mwenyewe hawezi kujisema. Akianza anacheka, akicheka anakohoa, akikohoa anasingizia tumbaku yangu.

Stara ni mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Akiwaita kuku wake nyuma ya nyumba, watu kule kituoni wanakusanya mizigo wakidhani gari la moshi linaingia. Na mikono yake, choya ikishaiva, yale maua mekundu machachu, inakuwa myekundu mpaka viwikoni. Mgeni akifika miezi hiyo huwa anasita mlangoni, anauliza kwa adabu nani amechinjwa.

Kwao ni Bagamoyo. Huku bara alifika kwa miguu, nyuma ya kaka yangu, wakati wa misafara, reli haijaota hata ndoto. Kaka na mimi tulikuwa wapagazi, Wanyamwezi hasa, mabega kama mawe ya kusagia. Mimi nilibeba pembe nzito kuliko wote. Kaka alibeba nyepesi, ndiyo maana akabaki na pumzi ya kuongea na wanawake, na ndivyo alivyompata Stara. Mizigo ingegawanywa kwa haki, tungekuwa tunasema mambo mengine hapa.

Ndoa yao ilifungwa njiani, karibu na Mpwapwa, watu wamekaa juu ya mizigo. Sasa kwao Stara, nikaha ikishasomwa, lazima watu wanywe sharubati ya waridi, nyekundu, tamu, inanukia mpaka barabarani. Bila hiyo wanaona ndoa kama imefungwa nusu. Pale Mpwapwa waridi litoke wapi? Mtu mmoja akaleta kibuyu cha maji ya kisima. Yalikuwa na tope. Stara akanywa, akajifuta mdomo, akamtazama kaka.

"Nikizaa binti," alisema, "hataolewa kwa tope."

Kaka akaapa kwamba hataolewa kwa tope. Siku ya kuoa mwanamume huapa chochote. Baadaye tukatulia hapa Dodoma, akazaliwa Zaitun, na mtoto akiwa bado anatambaa homa ikamchukua kaka. Akatuachia binti na kile kiapo. Binti tulimlea wote wawili. Kiapo alikibeba Stara peke yake, wala hakukitua.

Ndipo lilipoanza balaa la maua.

Waridi alilijaribu kwanza. Msomali mmoja wa msafara alimletea kijiti kutoka pwani kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa chenye maji. Akakipanda, akakizungushia miba, akakikinga na jua kwa ukili. Kikatoa jani moja. Mbuzi wa jirani akalila lile jani, na Stara hakuongea na jirani yule mpaka masika.

Akahamia maua ya huku. Mwonjaji nilikuwa mimi, maana alisema mtu aliyekula chakula cha msafarani hawezi kufa kwa kinywaji. Tulianza na maua ya mgunga, yale kama mipira ya manjano. Yananukia vizuri sana. Chungu kilipochemka, nyuki wote wa Ugogo walikuja kuona mali yao imepelekwa wapi, na mimi nikakaa ndani siku nzima nimejifunika mkeka. Tukaenda kwenye maua ya mbuyu. Ua la mbuyu ni kubwa, jeupe, zuri kama bibi harusi, lakini likilala linanuka, na Stara alikuwa amelilaza. Sitasema zaidi, wengine mnasoma mkiwa mnakula. Halafu maua ya mkwaju. Hayo yalikuwa na ladha, nasema kweli, uchachu wa mbali na utamu nyuma yake. Lakini ua ukilichuma tunda halipo, na wenye mti walipoona matawi yamebaki matupu walikuja na fimbo. Nikaenda kuwapatanisha. Nina maneno mazuri, lakini siku ile mbio zangu ndizo zilizotusaidia.

Nikamwambia, "Shemeji, mwache mtoto aolewe kwa uji."

Akanijibu, "Wewe uliyekosa mke kwa sababu ya uji wako, nyamaza."

Choya aliipata kwa mwanamke mmoja wa Ipagala aliyekuwa anailima pembezoni mwa shamba la mtama, anapika majani yake kama mboga. Stara alimkuta anatupa vile vikombe vyekundu. Maana ua lenyewe la choya halidumu, asubuhi limechanua, jioni limenyauka. Linachoacha ni kikombe chekundu, kinene, kichachu, ambacho sisi nacho tunakiita ua, na anayetaka kubishana akabishane na Stara. Alitafuna kimoja. Akakaa chini palepale shambani. Aliporudi alikuwa na upande mzima wa kanga umejaa, na uso wa mtu aliyepokea salamu kutoka kwao.

Tangu hapo akawa na kishamba chake Ipagala, na kupika akakujua kuliko anavyoijua njia ya kisimani. Mimi nimetazama miaka mingi kwa hiyo najua pia, na pengine zaidi. Unachuma umande haujakauka. Unasukuma mbegu nje kwa kijiti. Unaosha kwa maji matamu ya kisima cha mchangani, siyo haya ya mjini yenye chumvi. Unapika kwenye chungu cha udongo. Ukitumia ndoo ya chuma ya watu wa reli, wekundu unageuka weusi. Moto uwe mdogo. Maua yakipauka yakawa kama masikio ya mbuzi, rangi yote imehamia majini, ndipo unachuja kwa kitambaa cha bafta, unatia asali, iliki na karafuu, unarudisha motoni mpaka tone moja likae juu ya ukucha bila kutiririka. Hiyo ndiyo shira. Unaikoroga kidogo tu na maji ya mtungini, na mtu anayekunywa anasahau alikuwa anadaiwa na nani.

Zaitun akakua. Akapata mchumba, na siyo mchumba wa Kipwani kama mama yake alivyoota. Alikuwa Mgogo wa Mkonze, kijana mrefu anayefanya kazi kituoni, jina lake Ndahani. Mwalimu wa msikiti alimpa jina la Hamidi alipoingia dini, lakini mama yake alikataa kulijua. "Hamidi simfahamu," alikuwa anasema, "mimi nimezaa Ndahani."

Huyo Mama Ndahani ndiye niliyekuwa nataka kumfikia tangu mwanzo wa hadithi. Mwanamke mrefu, shingo imejaa shanga, anatembea kama anapeleka ng'ombe hata akiwa hana ng'ombe. Na kwa kuwa mimi Mnyamwezi na yeye Mgogo, ni mtani wangu. Ambaye hajui utani nimweleze: babu zetu walipita nchi yao na misafara, Wagogo wakatudai hongo, ule ushuru wa maji, tukapigana, tukapatana, na malipo ya kupatana ndiyo haya, kwamba mimi nikimtukana hana ruhusa ya kukasirika, na nikishika kitu chake hakitoki mkononi mwangu mpaka atoe cha kukikombolea. Na yeye kwangu hivyohivyo.

Basi yeye na Stara hawakuwa watani. Walikuwa wakwe, na huo ni mzigo mwingine kabisa. Kila mmoja alimwogopa mwenzake. Stara aliogopa kwamba bintiye, aliyelelewa kwa iliki, anakwenda kuishi Mkonze chini ya mwanamke asiyemjua. Mama Ndahani alikuwa amesikia kisimani kwamba watu wa mjini wanasema hajui kupika, na kwamba siku ya harusi atawekwa nyuma kama mfugaji aliyeleta maziwa. Walikuwa wanasalimiana kwa heshima nyingi mno. Watu wakisalimiana hivyo, ujue bado.

Nikaha ilikuwa Ijumaa. Alhamisi asubuhi Stara akapika shira. Maua yote ya Ipagala, mavuno mazima, yalikuwa ndani ya chungu kimoja kikubwa alichoazima kwa mpika pombe, akakisugua kwa mchanga mpaka kikatubu. Shambani hakikubaki hata kikombe kimoja. Zaitun alikuwa ndani, amefungiwa kama wari wanavyofungiwa, anachungulia dirishani. Stara aliingia chumbani kuteremsha mtungi wa asali. Mimi nilikuwa upande wa pili wa uwanja nanoa kisu cha mbuzi.

Mama Ndahani akaingia. Ametoka Mkonze alfajiri, kikapu kichwani, amekuja kusaidia. Akanisalimia, "Mbukwa, mtani, bado hujafa?" Nikamwambia nangoja azikwe yeye kwanza nile ng'ombe. Akatua kikapu, akatazama chungu. Maua yanachemka, yamelegea, rangi ya kuiva. Akachovya kidole, akaonja. Uso ukamkunjamana.

Mwanamke wa Kigogo anayeona mboga chachu jikoni anajua la kufanya, kama wewe unavyojua kumfukuza nzi. Mlenda, majani ya kunde, mboga yoyote ngumu au chachu, dawa yake ni magadi. Yanailainisha, yanaua ukali. Akafungua fundo kwenye pindo la nguo yake, akatoa bonge la magadi la ukubwa wa yai, kwa roho nyeupe kabisa, akalitumbukiza.

Nilisimama na kisu mkononi. Sikuwahi.

Chungu kiliumuka kama maziwa. Povu likapanda, likamwagika pande zote, moto ukalia na kuzimika upande mmoja. Povu liliposhuka, ule wekundu haukuwepo. Palikuwa na kitu cha rangi ya jicho lililopigwa ngumi jana.

Stara akatoka na mtungi wa asali. Akatazama chungu. Akatazama unga wa magadi uliobaki mkononi mwa mkwe wake.

"Nimekuokolea mboga yako, mkwe," Mama Ndahani alisema, anatabasamu, jasho linamtoka. "Ilikuwa chachu kweli."

Mimi namjua Stara. Mdomo wake umewahi kumfanya askari wa boma arudishe kuku. Nikangoja. Dirishani niliona macho ya Zaitun, na yule mtoto hakuwa anatazama chungu. Alikuwa anatazama midomo ya mama yake. Neno lolote ambalo lingetoka pale, yeye ndiye angeishi nalo huko Mkonze, miaka yote, kila mboga ikiwekwa motoni.

Stara alilijua hilo. Akatua mtungi taratibu, akazunguka nyuma ya nyumba. Hata kuku walinyamaza. Nimeuona mto ukifurika, nimemwona chui njiani, lakini kunyamaza kwa Stara kulinitia baridi zaidi.

Mama Ndahani akanigeukia. "Mbona hivyo? Amechukia?"

Mtu mwingine angetafuta maneno laini. Mimi shule niliiacha mapema, mimi na mwalimu tulikubaliana siku moja, kwa hiyo maneno laini sikufika kuyasoma. Nikashika kiuno.

"Mtani," nikasema, "nyinyi Wagogo mlitutoza hongo ya maji, tukalipa. Mlitutoza hongo ya kupita, tukalipa. Leo tunawapa mtoto wetu, na bado mmekuja kuua kinywaji cha harusi yake. Hivi ng'ombe wenu mnawatia magadi pia, ndiyo maana wamekonda?"

"Ng'ombe wangu wamenona kuliko ukoo wako wote," alijibu, halafu akasita. "Kinywaji gani?"

"Hicho hapo."

"Hii siyo mboga?"

"Ni sharubati. Ya kesho. Ya watu kunywa nikaha ikishasomwa. Yote iko humo."

Akatazama chungu muda mrefu. Tabasamu likaondoka usoni kidogokidogo. Akafunga lile fundo la pindo, akavuta nguo yake kichwani, akainama kukichukua kikapu.

"Nakwenda nyumbani," alisema kwa sauti ya chini. "Walisema kisimani kwamba nitaaibisha watu. Mwambie mkwe wangu kesho nina homa."

Hapo ndipo nilipoona harusi inatoka mlangoni kwa miguu. Mama wa bwana harusi akirudi kwake siku moja kabla, hakuna mzee wa Mkonze atakayekuja kukaa kwenye mkeka wetu. Zaitun dirishani alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Nikafanya kitu pekee ambacho mtani anaruhusiwa kufanya na mkwe haruhusiwi. Nikaruka, nikashika kile kikapu, nikakikalia.

"Shaibu, toka."

"Sitoki. Nimekishika kwa utani. Ukombozi kwanza."

"Sina mchezo leo."

"Utani hauna leo wala kesho. Babu yako alimshika babu yangu na mzigo wake palepale kisimani, akamwambia hupiti bila kulipa. Leo na wewe hupiti. Kuna nini humu, mbona kinanichoma?"

Alitaka kulia, nikamwona, lakini na utani ulikuwa umeshamkamata, maana utani unakamata kama kwikwi. "Kuna ukwaju," alisema. "Nilimletea mkwe. Na utaupondaponda kwa hayo makalio yako ya beberu la mbuzi."

"Ukwaju," ilisema sauti nyuma yangu.

Stara alikuwa amerudi. Macho yalikuwa mekundu, lakini ameyanawa. Akanisukuma kwenye kikapu kama anavyomsukuma mbuzi, akafungua majani ya juu. Kilikuwa kimejaa ukwaju mpya, umeshamenywa, umefinyangwa mabonge meusi yanayong'aa. Huo ni msaada wa mtu aliyekaa na kazi siku nyingi. Akachukua mwiko, akaonja lile tope la buluu chunguni. Akafumba macho.

"Uchachu umekufa," alisema. "Umebaki utupu na chumvi."

Mama Ndahani akasema polepole, bila kumtazama, "Kwetu mboga ikizidi magadi, tunairudisha kwa ukwaju."

"Inarudi?"

"Ladha inarudi. Rangi sijui. Mboga haina rangi ya kupoteza."

Stara akamsogezea bakuli la maji. Basi. Hakuomba msamaha wala kuombwa. Wakakaa wote wawili chini, wakauvuruga ule ukwaju kwa mikono, mmoja mikono myekundu, mwingine mikono yenye bangili za shaba mpaka kwenye kiwiko. Mimi nikawasha moto upya, kazi ngumu kuliko zote. Wakamimina kwanza kidogo. Chungu kikaguna, povu dogo. Wakaongeza. Na pale ukwaju ulipoangukia, katikati ya ile buluu, palitokea duara jekundu. Stara akashika mkono wa mkwe wake bila kujua ameushika. Wakamimina tena, wakakoroga, na wekundu ukatambaa mpaka ukingoni. Haukuwa ule wa kwanza. Ulikuwa mzito, unaelekea kahawia, kama udongo wa hapa mvua ikiunyeshea. Lakini mwekundu.

Wakachuja. Wakatia asali, iliki, karafuu. Tone likakaa juu ya ukucha wa Stara, halafu Mama Ndahani naye akatoa ukucha wake, akataka lake.

"Onja, shemeji," Stara aliniambia.

Nikaonja. Uchachu wa choya, nyuma yake uchachu wa ukwaju, utamu wa asali ya porini, na mwisho kabisa, ulimini, chumvi kidogo. Nikasema ina chumvi. Wakaniambia kwa pamoja ninyamaze. Ilikuwa mara ya kwanza wanakubaliana jambo, na nikajua mtoto wetu atakaa salama.

Ijumaa nikamwozesha Zaitun mimi, kwa kuwa ndimi baba yake mdogo, na nasema bila kujivuna kwamba hakuna aliyeitamka nikaha kwa sauti kama yangu. Wazee wa Mkonze walikaa mkekani mpaka mwisho. Sharubati ilipopita, mzee mmoja wa Kipwani alinusa kikombe, akauliza waridi gani hili. Akaambiwa aulize wenyewe waliopika. Kikombe cha kwanza kabisa, kabla ya wanaume, kabla hata yangu, Stara alikuwa amekipeleka mwenyewe ndani kwa Mama Ndahani, ambaye alikalishwa mbele, juu ya kitanda, pamoja na shanga zake zote.

"Ni tope?" Stara alimnong'oneza Zaitun alipompa kikombe chake.

"Siyo tope, mama."

Tangu hapo shira ya nyumba ile wanapika wawili, na ukwaju umekuwa wa lazima. Choya ikiiva, Mama Ndahani anakuja kutoka Mkonze na kikapu, siku hizi na mjukuu mgongoni. Lakini haingii uwanjani hivihivi. Mimi nasimama mlangoni na kunyoosha mkono.

"Mtani. Silaha."

Anafungua pindo la nguo yake, ananipa fundo la magadi, mimi nalishika mpaka chungu kishuke motoni. Na kila mwaka Stara anapiga kelele kutoka jikoni, sauti ile ya gari la moshi: "Mwachie kidogo, shemeji. Bila ile chumvi siyo yenyewe."